Homa Isiyoisha: Jinsi Kipimo cha Vinasaba Kinavyofichua Maambukizi ya Vali za Moyo

Homa inayokwenda na kurudi kwa wiki kadhaa mara nyingi hutibiwa kama malaria, kisha homa ya matumbo, kisha malaria tena. Kwa wagonjwa wachache chanzo chake kiko moyoni: bakteria wamejishikiza kwenye vali, yaani vilango vinavyozuia damu kurudi nyuma moyo unapodunda. Ugonjwa huu huitwa endokaditisi. Usipotibiwa huua. Ukicheleweshwa, vali huweza kutoboka, au kipande cha uchafu uliojijenga juu yake kikang'oka, kikafika ubongoni na kusababisha kiharusi.

Walio hatarini zaidi ni wenye vali bandia, waliozaliwa na kasoro za moyo, waliowahi kuugua endokaditisi, na wale ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi baada ya maambukizi ya koo utotoni. Kundi hili la mwisho bado ni kubwa nchini Kenya.

Mbali na picha ya moyo ya eko, kipimo cha msingi ni kuotesha bakteria kutoka kwenye damu. Damu hutolewa angalau mara tatu, kwa kudungwa sehemu tofauti, kabla mgonjwa hajaanza dawa. Hutiwa kwenye chupa zenye lishe ya bakteria na kuwekwa kwenye joto kwa takriban siku tano. Wakiota, maabara hupata jina lao na pia dawa inayowaua.

Tatizo ni pale chupa zinapokaa bila kuota chochote. Sababu kuu ni antibiotiki alizomeza mgonjwa kabla ya kupimwa. Vidonge vya siku mbili tatu kutoka duka la dawa haviwezi kuponya vali, lakini vyaweza kutosha kuwazuia bakteria wasionekane maabara. Sababu ya pili ni bakteria ambao hawaoti kwa urahisi kwenye chupa hizo. Coxiella burnetii hutoka kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe, hasa wanapozaa, na mtu humwambukizwa kwa kuvuta vumbi lenye vijidudu hivyo. Bartonella huenezwa na chawa wa mwilini, na aina nyingine yake hutoka kwa paka wenye viroboto.

Hapo ndipo kipimo cha vinasaba huingia. Hakisubiri bakteria aote. Hutafuta vinasaba vyake na kuvizalisha mara nyingi hadi vionekane. Ni mbinu ya PCR, iliyobuniwa na Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983, ile ile ambayo Wakenya wengi waliisikia mara ya kwanza wakati wa Covid mwaka 2020. Maabara huweza kumtafuta bakteria mmoja anayeshukiwa, au kutafuta jeni iitwayo 16S, ambayo bakteria wote wanayo. Mpangilio wa jeni hiyo husomwa na kulinganishwa na kumbukumbu za bakteria wanaojulikana.

Jina hilo hubadilisha matibabu. Endokaditisi ya kawaida hutibiwa kwa antibiotiki za mshipani kwa wiki 4 hadi 6. Ya Coxiella haisikii penisilini. Huhitaji doksisaiklini pamoja na haidroksiklorokwini kwa angalau miezi 18. Mwaka 2023 vigezo vya Duke, ambavyo madaktari duniani hutumia kuthibitisha ugonjwa huu, vilifanyiwa marekebisho na kutambua matokeo ya PCR kwa baadhi ya bakteria hao wagumu.

Hata hivyo, kipimo hiki si cha kila mtu. Hufanya kazi vizuri zaidi kwenye kipande cha vali iliyotolewa wakati wa upasuaji. Kwenye damu bakteria huwa wachache, hivyo jibu la "hakuna" halimwondolei mgonjwa shaka. Vinasaba vya bakteria waliokufa huweza kubaki kwenye vali kwa muda mrefu, na kwa kawaida jibu halisemi ni dawa gani itafanya kazi. Kwa hiyo kuotesha damu bado ni hatua ya kwanza. Pia, mashine ya GeneXpert iliyo katika hospitali nyingi haitoi jibu hili kwa kutumia katriji ya kifua kikuu.

Mkazi mwenye homa ya zaidi ya wiki moja, jasho la usiku, kukonda au kukosa pumzi, hasa akiwa na tatizo la moyo, anashauriwa kwenda hospitalini kabla ya kununua antibiotiki. Akiwa tayari amezimeza, aende na pakiti zake. Amweleze daktari pia iwapo anafuga mifugo au amesaidia mnyama kuzaa karibuni, kwani daktari asiposikia hilo huenda asiombe kipimo cha Coxiella.