Wacha Ichelewe, Bora Ifungwe Fiti

Leo rada ni EJ. Boxer ya Subaru, silinda nne zimelala chali, mbili huku mbili kule, turbo iko nyuma inangoja tu ukanyage. Ikipita Thika Road usiku hata mtoi wa nursery anajua hiyo si Vitz.

Na kama yako imenok, kaa chini. Hii story ni yako.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ndio tusisumbuane. Injini ya nguvu ikikawia juu fundi anapima, iache ikawie. Ikirudi chapchap na hakuna mtu alishika kipimo, utaifungua tena kabla sticker ya service haijakauka. Nimeona wasee wakijenga motor moja mara mbili ndani ya mwaka. Doh ya kwanza imeenda, doh ya pili imeifuata, na ndai bado iko juu ya mawe.

Sasa mbona ujenge, si ununue ingine? Swali poa, jibu mbaya. Impreza STI ya GDB iliundwa 2000 mpaka 2007. Kenya hairuhusu mtumba wa zaidi ya miaka 8 uingie. Piga hesabu. Hizo ziko hapa ndizo ziko, basi. Na zile hazijagongwa, hazijachezewa chini ya boneti, mwenyewe akikutajia bei unaomba maji kwanza.

Injini ya ex-Japan nayo? Subaru walianza EJ20 mwaka wa 1989 kwa Legacy, wakaiaga na STI EJ20 Final Edition, ndai 555 tu, Japani pekee. Baada ya hapo, kwisha maneno. EJ207, ile EJ20 ya STI, ikiland Mombasa imevutwa kutoka kwa gari hujawahi kuiona, imefungwa nailoni, na muuzaji anakuapia ni low mileage. Mileage nani alisoma? Speedo ilibaki Japani! Hiyo ni bahati nasibu, na tiketi yake inalipwa kwa malaki.

Kwa hivyo unajenga. Na hapo ndio anko anaingia.

Kila msee ako na huyu anko. Toothpick mdomoni, mguu juu ya stuli, na kila kitu chini ya jua jibu yake ni ploti ya Joska. Umenunua viatu? Hiyo pesa ungeweka kwa ploti Joska. Unaagiza pistoni? Ploti, Joska. Alafu anakushushia historia venye enzi zao walikuwa na Peugeot 504 na hawakuwahi kufungua injini. Sawa anko, tumeskia. 504 ilishinda Safari Rally 1975, heshima zake tunaipea. Lakini STI ilitoka Japani ikiwa imeandikwa farasi 280 kwa lita mbili, na wakati mwingi wa hiyo enzi kampuni za huko zilikuwa zimekubaliana hakuna mtu ataandika zaidi ya hiyo. 504 yako hata nusu haifiki. Kaa na Joska yako.

Mathe naye anataka ninunue Probox. Ndio nibebe waru. Mathe, tafadhali.

Na cha kushangaza, hawa wazae ndio walikuwa wanajaza barabara kuangalia Safari. Colin McRae alishinda hapa 1997 na Impreza. Richard Burns akashinda 2000, pia Impreza. Patrick Njiru wetu alikuwa anachapa kazi na Subaru hizo hizo miaka ya tisini. Walikula vumbi wakashangilia, wakaenda ocha wakatambia watu. Leo kijana wao akitaka ile sauti kwa parking ya keja, eti amepotea.

Sasa twende gareji yenye yangu iko. Kariobangi Light Industries, kibanda cha mabati, sakafu imefagiliwa hadi ikang'aa. Hiyo ndio alama ya kwanza ya fundi anajua kazi. Kama kuna mchanga kwa meza na bloki iko wazi, beba motor yako uhepe.

EJ haifunguki kiholela. Bloki ni nusu mbili zimebanana, kranki iko katikati, na huwezi kuitenganisha pistoni zikiwa bado zimeshikana na mikono yake. Lazima utoe pini za pistoni kwanza, na pini zinatokea kwa vishimo vidogo mbele na nyuma ya bloki. Unafungua plagi. Unazungusha kranki pole pole mpaka pini ikae sawa na shimo. Unaingiza koleo ndefu nyembamba, unatafuta kaklipi kenye hata hukaoni poa, unakavuta. Fundi wangu akifanya hii anavua saa, tochi inakaa mdomoni, na redio inazimwa. Hakuna mtu anambongesha. Kaklipi kakianguka ndani, siku imeisha hapo hapo.

Mafuta yenye ilitoka kwa sampu yangu ilikuwa na glitter. Beringi ya mkono mmoja wa pistoni ilikuwa imelika, ile rangi ya fedha imeenda, shaba iko nje. Kranki nayo ina michirizi yenye kucha inashika ukiipitisha.

Sasa skiza hapa, juu hapa ndio wasee humalizwa. Beringi ikikufa, vyuma vyake vinatembea. Vinaingia kwa oil cooler, vinaingia kwa pampu, vinaingia kwa mipira ya turbo. Unaweza kujenga injini mpya kabisa, ukairudishia ile oil cooler ya zamani juu inakaa safi kwa nje, na siku ya kwanza inatapika vile vyuma kwa beringi mpya. Tupa. Usiioshe, usiiombee. Angalia pia ule mrija wa kunyonya mafuta chini ya sampu. Kwa EJ za turbo unajulikana kupasuka pale ulipochomelewa, pampu inaanza kunyonya hewa, na beringi inakauka ukiwa kwa kona. Wekelea mpya wenye nguvu. Na kwa zile modeli ziko na kachujio kadogo ndani ya bolti ya mafuta ya turbo, katoe ukaangalie. Kakiziba, turbo inakufa njaa.

Sawa. Kranki ikaenda kwa mashine. Hapo ndio "kesho" ilianza.

Stima zikapotea. Kesho, bro. Stima zikarudi, kukaletwa kranki ya lori ya mawe, mwenye lori anasimama hapo na cash mkononi. Lori kwanza. Kesho, bro. Alafu msee wa mashine mwenyewe, mzae wa miaka yake, akaangalia kranki akasema ataisaga tu kidogo, aweke beringi za undersize, niende home. Enzi zao walikuwa wanasaga kila kitu. Buda, zii. Kranki ya hizi turbo imetiwa ugumu kwa naitrojeni, na huo ugumu uko kwa ngozi ya juu tu. Ukisaga unaondoa ngozi. Lori ya mawe inaweza kuvumilia. Kitu inazunguka zaidi ya mara elfu saba kwa dakika na boost ndani haivumilii. Tukaagiza kranki mpya.

Na kuagiza ndio kidonda. Beringi nilitaka za ACL, zile za Australia, mbogi yote ya EJ inazijua. Pistoni za forged kutoka Marekani. Stadi za hedi za ARP, pia huko, juu bolti za kawaida zikivutwa na boost kubwa zinaweza kulegea, hedi inainuka, gasketi inaenda. Seti ya pistoni ikifika Nai ushuru ukiwa umelipwa, sahau kurudishiwa change ya ngiri mia. Alafu mzigo ukija na meli, ushuru wenyewe unahesabiwa kwa bei, bima na nauli zikiwa pamoja. Yaani unalipia kodi hata safari ya meli. VAT ya 16% inakuja kukaa juu ya hiyo yote. Ukimwambia anko hii hesabu atazimia akiitaja Joska.

Box ya beringi ikafika. Tukafungua. Saizi si ile. Niliandika standard, risiti iko standard, ndani wameweka za kranki iliyosagwa. Rudisha. Ngoja. WhatsApp blue tick, kimya. Ngoja tena. Mtaani wasee wameanza kuuliza kama niliuza ndai. Jirani ameanza kuanikia blanketi kwa boneti.

Wakati kama huu ndio shetani hukuja na shortcut. Kuna msee atakuambia ako na beringi za duka la pale mbele, hazina jina lakini zinaingia. Mwingine atakuambia honing ya silinda apige tu na drill. Kata hiyo stori! Silinda za EJ ni za kubembelezwa. Hedi ikifungwa, zile stadi zinavuta bloki na duara la silinda linabadilika kidogo. Ndio maana mashine shop yenye akili inafunga sahani nzito ya chuma juu ya bloki kwanza, inakaza kwa nguvu ile ile ya hedi, ndio inapitisha mawe ya kupolisha. Sehemu ziko na hiyo sahani Nai ni za kuhesabu, na foleni yake ni ya harusi. Panga line. Usiende kwa drill.

Na silicone! Nusu mbili za bloki hazina gasketi katikati. Zinazibwa na dawa, utando mwembamba kwa ukingo, ukaze kabla haijakauka. Fundi wa haraka anapiga tube nzima ndio asivujishe. Ile imezidi inafinywa ndani, inakauka, inakatika vipande, inaenda kuziba mdomo wa ule mrija wa mafuta tuliobonga. Umeona venye mambo inarudi?

Wacha nipumzike kidogo nichome watu picha, juu wananikera. Kuna chali mtaani ako na Impreza ya 1500, amebandika beji ya pink ya STI mbele, nyuma, na kwa usukani. Boneti ina shimo la hewa na chini yake hakuna intercooler. Hewa inaingia inakutana na nini? Na kuna mwingine amenunua spika inalia "tsss" kila akibadilisha gia, na gari haina turbo. Spika! Msee, vua beji ulale. Impreza ya 1500 ni ndai safi, inakufikisha job, inakula mafuta kidogo. Heshimu venye iko.

Alafu ile ngurumo watu wanaipenda, inatoka kwa manifold yenye mirija ya urefu tofauti. STI nyingi za Japani za hiyo enzi zilikuja na mirija ya urefu sawa na turbo ya njia mbili, ndio sauti yake ni laini. Trend saa hii ni watu kung'oa hiyo waweke ya kelele. Mimi yangu inabaki. Turbo inaamka mapema, na hiyo naipenda kushinda makofi ya bodaboda wa stage.

Vitu zikakamilika. Kufunga sasa. Fundi anaweka kauzi ka plastigauge juu ya kranki, anafunga, anakaza, anafungua, anaangalia kamefinywa upana gani. Tunabonga sehemu ya mia ya milimita hapa. Ikikaza sana, mafuta haipiti. Ikilegea sana, presha inaanguka. Ringi nazo kila moja inawekwa ndani ya silinda yake, mwanya unapimwa, inasugwa kidogo, inapimwa tena. Silinda ya nne alirudia kupima, juu kwa EJ hiyo ndio hujulikana kuumia kwanza. Kila namba ikaandikwa kwa karatasi na biro. Ilichukua siku yake yote na mimi nilikaa hapo nikiangalia, na kusema ukweli hakuna sherehe imewahi kunibamba hivyo.

Siku ya kuwasha, usiwashe. Chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, zungusha na stata pekee mpaka taa ya mafuta izime. Ndio urudishe fyuzi. Ikishika, iskize, ipashe moto, uzime, umwage hiyo mafuta ya kwanza uiangalie kwa jua. Kilomita elfu za kwanza hakuna kukanyaga full boost, hata kama kuna Golf inakuchokoza Waiyaki Way. Acha iende.

Na tune si hiari. ECU ya STI ya Japani ilipangiwa petroli ya huko, oktani karibu 100. Nai tuko karibu mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi, turbo inafanya kazi zaidi kufikia boost ile ile, joto linapanda. Ukiunganisha hiyo na petroli yenye oktani ya chini, injini inaanza kugonga ndani, na pistoni zako za forged haziwezi kukuokoa milele. Weka doh ya tune kando kutoka siku ya kwanza. Ikikosa, ndai ikae kwa turubai mpaka ipatikane.

Sasa wewe mwenye yako iko juu ya mawe, fanya hivi. Siku fundi anakupigia simu ati imeisha kuja uchukue, enda na umuulize karatasi. Beringi zilisoma ngapi? Mwanya wa ringi ngapi? Silinda ya nne je? Oil cooler ni mpya? Akikuonyesha, mlipe yote bila kubargain na umpeleke nyama choma. Akikosa karatasi, usilipe na usiwashe.