Miguu kwenye beseni, udaktari kichwani

Saa nane usiku. Bweni limelala, lakini kwenye darasa la mwisho taa moja bado inawaka. Chini yake amekaa msichana wa kidato cha sita, mchepuo wa PCB, miguu yote miwili kaizamisha kwenye beseni la maji baridi ili asisinzie. Mbele yake kuna mchoro wa mzunguko wa Krebs. Ameusoma mara tano tangu prepo iishe, na kila akifunga daftari, kichwa kitupu.

Aliyepita shule ya bweni analijua beseni hilo. Kidato kinachoondoka hukirithisha kinachokuja, pamoja na kahawa ya unga inayolambwa kavu na ile sifa ya kupiga msuli hadi alfajiri.

Ushindani wenyewe si wa kufikirika. Shahada ya udaktari inadai ufaulu wa fizikia, kemia na baiolojia kwa pamoja, na vyuo vinavyoifundisha, kuanzia Muhimbili iliyoanza kuandaa madaktari mwaka 1963 hadi Bugando na KCMC, hupokea waombaji wengi kuliko nafasi zilizopo. Anayepata nafasi ana miaka mitano ya masomo na mmoja wa mazoezi hospitalini. Kumwambia mtoto huyu asijali ni kutomheshimu. Ana sababu ya kujali.

Tatizo huanza pale mwili unapokataa kufuata. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger alieleza hali aliyoiona kwa wahudumu wa kujitolea katika zahanati ya bure jijini New York, naye akiwa mmoja wao: watu wenye moyo wa kazi waliokuwa wakiishiwa nguvu kama mshumaa unaokwisha. Shirika la Afya Duniani limeiorodhesha hali hiyo kuwa tokeo la msongo wa kazini usiodhibitiwa, si ugonjwa. Shule haikutajwa, lakini tangu mwaka 2002 watafiti wana kipimo chake cha wanafunzi, na dalili ni tatu, zilezile za kazini. Ya kwanza ni uchovu usioisha hata baada ya kupumzika. Ya pili ni moyo kukichukia kitu ulichokipenda: kijana aliyekuwa wa kwanza kushika wembe siku ya kupasua chura sasa anaiona maabara kama adhabu. Ya tatu ndiyo inayoumiza zaidi, kujiona huwezi chochote, hata pale alama zinaposema vinginevyo.

Wengi wakifika hapo huongeza saa za kusoma. Hapo ndipo wanapojiumiza.

Tunapolala, ubongo haukai bure. Sehemu yake iitwayo hipokampasi hurudia yale yaliyoingia mchana na kusaidia kuyahamishia kwenye kumbukumbu ya kudumu. Anayekata usingizi ili asome zaidi anakata hatua ya mwisho ya kusoma kwenyewe. Wataalamu wa usingizi wanashauri saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 hadi 19 hufanya vibaya katika baadhi ya majaribio kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, au zaidi. Msichana wa beseni aliamka saa kumi na moja alfajiri. Hesabu: saa 21.

Namna ya kusoma nayo ina uzito. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walivirudia kuvisoma, wengine walifunga karatasi na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, wenzao 42. Kwa hiyo nusu saa ya kujibu maswali ya mtihani uliopita, bila kuchungulia daftari, kisha kwenda kulala, ina faida kuliko kusoma ukurasa uleule mara ya sita.

Kabla ya kulaumu masomo, damu ipimwe. Upungufu wa damu huwapata wasichana wengi, nao huleta uchovu na kizunguzungu ambavyo ratiba nzuri haiwezi kuviponya. Na kama huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kumedumu wiki mbili, au kijana anazungumzia kufa, hiyo inaweza kuwa sonona. Asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo anapotaja kufa, asisubirishwe hadi mitihani iishe.

Wazazi na walimu wakumbuke pia kwamba kidato cha sita si mlango pekee. Mwenye stashahada ya utabibu anaweza kuomba shahada ya udaktari akitimiza vigezo vya Tume ya Vyuo Vikuu, na wapo madaktari waliopita njia hiyo. Mtoto aambiwe hilo mapema, kabla ya matokeo, na mzazi apigapo simu shuleni jioni, swali la kwanza liwe: "Mwanangu, jana ulilala saa ngapi?"