Dari, Sakafu na Paa: Juu ya Nyumba ya Tharia Topan, Hurumzi

Katika zoezi moja la tafsiri, mwanafunzi wetu alipewa kijikaratasi cha watalii kilichoandikwa kwa Kifaransa, chenye kueleza nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Unguja zilizogeuzwa kuwa hoteli. Alipofika mahali panaposema kwamba wageni hupanda juu kabisa ya nyumba wakala chakula cha jioni huku wakitazama bahari, aliandika: "wageni hula juu ya paa". Darasa zima lilicheka. Kwetu Lusangi, mtu aonekanaye juu ya paa ni fundi wa kuezeka, na kama ni usiku basi ni mwizi. Hata hivyo mwanafunzi hakuwa na kosa kubwa, kwa maana kamusi aliyokuwa nayo ilimpa neno hilo tu. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini neno paa halitoshi hapa, na ni kitu gani hasa kilichoko juu ya nyumba zile. Suala hili linaanza kama suala la msamiati, lakini kwa sisi tuliotoka Maniema ya kusini haliwezi kuishia hapo.

Mfano tutakaoutumia ni nyumba ya mtaa wa Hurumzi, namba 236. Ilikuwa nyumba ya Tharia Topan, tajiri wa Kiismailia aliyezaliwa Uhindi mwaka 1823 na kufariki mwaka 1891, ambaye alisimamia forodha ya Unguja katika enzi ya Seyyid Barghash. Katika miaka ya 1990 nyumba hiyo ilitengenezwa upya ikawa hoteli, kwanza kwa jina la Emerson & Green, baadaye Emerson on Hurumzi. Inasemekana kuwa ndiyo ya pili kwa urefu katika Mji Mkongwe, ikitanguliwa na Beit al-Ajaib peke yake. Juu yake pametandikwa mazulia na mito, na wageni huvua viatu wakaketi chini kama watu wa barazani. Kutoka pale huonekana minara ya misikiti, hekalu la Wahindu lililo jirani, minara miwili ya kanisa la Kikatoliki, na upande wa Mkunazini kanisa la Kianglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873.

Tutazame kwanza namna ya ujenzi, maana maneno yametoka humo. Nyumba ya mawe ya pwani haina paa kwa maana yetu ya mteremko wa majani au mabati. Kuta zake nene za mawe ya matumbawe hulazwa boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti ya mkoko haizidi sana mita tatu kwa urefu unaofaa, vyumba vya nyumba hizi ni virefu lakini vyembamba, hata kama mwenye nyumba ni tajiri kiasi gani. Juu ya boriti hupangwa mawe bapa, na juu ya mawe humwagwa zege la chokaa na kokoto za matumbawe. Zege hilo hupigwa kwa vipande vya mti kwa siku kadhaa mpaka lishikamane na kuwa gumu. Kazi hii ya kupiga ilifanywa na kundi la watu kwa pamoja, na pigo liliongozwa kwa nyimbo. Laiti zingekusanywa nyimbo hizo kabla saruji haijaingia! Maji ya mvua hutolewa kwa mlizamu uliopenyezwa ukutani.

Tabaka hilo la chokaa ndilo sakafu. Hapa pana jambo la kumvutia mwanaisimu. Katika Kiarabu, saqf ni kifuniko cha nyumba kilicho juu ya kichwa cha mtu. Katika Kiswahili, sakafu ni kile kinachokanyagwa kwa miguu. Neno limeshuka kutoka kichwani hadi nyayoni! Wapo wanaodhani kwamba Waswahili walilisikia vibaya neno la wenyewe. Mimi sikubaliani nao. Katika nyumba ya ghorofa, kile kinachomfunika mtu wa chini ndicho anachokikanyaga mtu wa juu. Ni kitu kimoja, kimetengenezwa kwa kazi moja na chokaa moja. Kamusi za zamani zinathibitisha hayo, kwani zinalipa neno sakafu maana zote mbili, na kitenzi kusakifu kilitumika kwa kazi ya juu na ya chini pia. Maana ya pili imebaki peke yake baada ya watu kujenga zaidi nyumba za chini zenye mabati, ambamo kilicho juu hakikanyagiki. Neno ghorofa nalo limesafiri: ghurfa ya Kiarabu ni chumba, hasa cha juu, kwetu limekuwa tabaka zima la nyumba. Na roshani, neno lenye asili ya Kiajemi linalohusiana na mwanga, limekuwa kibaraza kinachoning'inia nje ya ukuta. Dari ndilo neno ambalo mtu wa pwani angelitumia kwanza kwa sehemu ya juu ya nyumba, na "kupanda darini" ni usemi wa kawaida kwake. Huku kwetu Kongo neno hilo halikushika. Sisi tuna etaje, tuliyoachiwa na Wabelgiji, na juu ya etaje hatuna neno, kwa sababu hatuna kitu.

Kwa nini hatuna kitu? Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Tanganyika hadi Mtowa, kisha ikafika Kabambare na Kasongo. Lugha ilipita njia hiyo, dini pia, na mbegu za mchele. Namna ya kufunika nyumba ilifika nusu ya safari. Unyamwezini palikuwa na tembe, nyumba ya udongo yenye kifuniko bapa, kama ile ya Kwihara alimokaa Livingstone mwaka 1872. Ng'ambo ya ziwa mvua ni nyingi mno kwa udongo bapa, na matumbawe hayapo. Hivyo wakubwa wa Kasongo walioshi kwa desturi za Unguja katika mavazi na chakula walilala chini ya majani yenye mteremko kama majirani zao. Hata Unguja kwenyewe mvua ya masika huipenya chokaa, boriti zikaoza, na ndiyo maana nyumba nyingi za mawe zilikuja kufunikwa mabati juu ya sakafu yao ya kale. Darini palipo wazi, pasipo mabati, ni mahali panapodai kutunzwa kila mwaka.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo kijikaratasi kilipita nalo mbio. Tharia Topan hakuwa tajiri wa forodha tu. Ndiye aliyemkopesha Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mali ya safari zake za bara, na Tippu Tip mwenyewe anamtaja katika habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili. Pembe zilizotoka Kasongo zilibebwa na watu mpaka pwani, wengi wao wakiwa si kwa hiari, na deni lililolipwa kwa pembe hizo lilikuwa deni la tajiri huyu. Simdai mtu kwamba kila boriti ya Hurumzi ni jasho la Maniema. Biashara yake ilikuwa pana kuliko hivyo. Lakini mtu wa Kasongo anapoketi juu ya mito ile hatazami bahari tu.

Jina la mtaa nalo lina hadithi. Baada ya Sultani Hamoud bin Mohammed kutoa amri ya mwaka 1897 ya kuondoa utumwa katika sheria, wenye watumwa walilipwa fidia, na inasimuliwa kuwa malipo yalifanyika katika nyumba hii, ndipo pakaitwa Hurumzi kutokana na "huru" na "mzee". Masimulizi haya yanapendeza, ila kwa upande wa fonolojia yana mashaka: sioni kanuni ya kuigeuza mzee kuwa -mzi. Kwa maoni yangu, kufanana kwa jina hili na Hurmuz, bandari ya Ghuba, kunastahili kuchunguzwa kwanza.

Je, ni vema nyumba kama hii kuwa hoteli? Wenyeji hulalamika, na kwa haki, kwamba mji unahamwa na wakaazi wake. Kwa upande wa pili tuutazame ukumbi wa Royal huko Vuga, uliosanifiwa na John Sinclair na kufunguliwa mwaka 1921. Uliungua mwaka 1953, ukajengwa tena mwaka 1955 kwa jina la Majestic, na filamu zilipokoma ulikaa miaka mingi ukiwa gofu lenye paa lililobomoka. Beit al-Ajaib yenyewe, ya mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Nyumba za mawe hufa kuanzia juu: maji yakishaingia darini, kuta hufuata. Hurumzi pana mgeni anayelipa ili aketi darini, kwa hiyo pana mtu anayeziba nyufa kabla ya masika. Sipendi sababu hiyo, lakini chokaa haiulizi fedha imetoka wapi.

Mwanafunzi wetu hatimaye aliandika: "wageni hula darini, juu ya sakafu ya mwisho ya nyumba", akaongeza tanbihi ya mistari minne kuhusu mwenye nyumba na Kasongo. Nilimwachia tanbihi ile, ingawa haikuwamo katika Kifaransa.