Jembe au Darubini?

Hapa Arua, na hata Koboko, mwanafunzi wa historia au wa lugha akisema anataka kutumia kompyuta katika somo lake, huambiwa: hiyo ni jembe tu. Neno hilo laonekana dogo, lakini lapanga watu. Ashikaye jembe ni kibarua. Mwenye shamba ni mwingine, na mavuno huitwa yake.

Tazameni mfano. Mwaka 1949 Padre Roberto Busa, Mjesuiti wa Italia, alikwenda New York kuomba msaada wa kampuni ya IBM. Alitaka kuorodhesha kila neno katika maandiko ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino, maneno zaidi ya milioni 10. Kazi ilichukua miaka 30 hivi, ikapigwa chapa katika mabuku 56. Kadi za mashine zilitobolewa na wasichana. Kwa kuwa kazi yao ilihesabiwa kuwa ya mikono tu, majina yao mengi hayakutajwa. Miaka ya karibuni wataalamu wamehangaika kuyatafuta kwa kutazama picha za zamani.

Je, ni jembe kweli? Mwaka 1985 Profesa Arvi Hurskainen wa Helsinki, Finland, alianza kutunga programu ya kuchambua Kiswahili. Fikirini mashine ikutanapo na neno "kaa". Ni kuketi, ni la moto, au ni yule mnyama wa pwani? Sisi twasoma na kupita. Mashine haipiti mpaka mtu aipe kanuni, na kuitunga kanuni hiyo ndiyo sarufi yenyewe. Jembe halimwulizi mkulima swali.

Wengine waonelea afadhali kuiita darubini. Galileo alijitengenezea darubini zake, wala hatumwiti fundi wa vioo. (Mfano huu nao una kasoro: nyota zilikuwapo kabla ya darubini, lakini kompyuta haioni neno lolote asiloliingiza mtu.)

Mwaka 1960 Padre Crazzolara alitoa kitabu cha sarufi ya Kilugbara, akaheshimiwa kuwa mtaalamu. Basi binti wa Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanza kufundisha hapa Arua mwaka 2013, akiifundisha mashine kutenga maneno ya Kilugbara yaliyo sawa kwa herufi na mbali kwa sauti ya juu na ya chini, atahesabiwa mwanachuoni wa lugha, au atashukuriwa ukurasa wa mwisho pamoja na mpiga chapa? Ninyi kaka zetu mliotutangulia, mnaofundisha vyuoni, jibu ni lenu.