Safura: Jina, Udongo na Mnyoo

Neno safura lina maana mbili katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na maana hizo hazikai pamoja kwa amani. Hospitalini safura ni ugonjwa uletwao na mnyoo mdogo ajishikizaye katika utumbo na kunyonya damu. Katika matumizi ya zamani, ambayo hayajafutika, safura ni ugonjwa wa mtu aliyepauka na kuvimba miguu, atwetaye kwa mwendo mfupi tu, naye ana hamu ya kula udongo. Maana ya kwanza yataja chanzo. Ya pili yataja dalili. Wengi hudhani ya kwanza ni ya pili iliyosahihishwa na sayansi. Utafiti uliofanywa Pemba waonyesha kwamba sivyo hasa.

Asili ya neno ni Kiarabu, nayo ni rangi ya manjano. Katika utabibu wa kale wa Wayunani na Waarabu, hilo lilikuwa jina la nyongo ya manjano, mojawapo ya majimaji manne yaliyodhaniwa kutawala mwili. Mengine ni damu, belghamu na nyongo nyeusi. Belghamu limebaki katika Kiswahili kwa maana ya makohozi mazito tu, wala msemaji wa leo hakumbuki kwamba liliwahi kuwa na wenzake watatu. Safura nalo liliiacha nyongo likaenda kukaa kwenye ngozi ya mgonjwa. Ulaya nako ilikuwa vivyo hivyo: upungufu wa damu wa namna fulani uliitwa klorosi, kwa neno la Kiyunani la rangi iliyo kati ya kijani na manjano. Mjerumani Griesinger, aliyefanya kazi Cairo, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1854 kwa jina la klorosi ya Misri. Kwa hiyo lugha mbili zilizo mbali zilitazama uso mmoja, kila moja ikataja rangi yake.

Ushahidi mzuri wa maana ya zamani umo katika shajara za mwisho za David Livingstone, zilizochapwa mwaka 1874, baada ya kufa kwake. Akiwa Manyema aliandika kwamba safura ndilo jina, huko Unguja, la ugonjwa wa kula udongo. Huwapata watumwa mara nyingi, asema, lakini si wao peke yao, wala hawali udongo ili wajiue, kama wengine walivyodai. Hata matajiri wenye chakula tele hupatwa. Miguu huvimba, nyama za mwili hupungua, pumzi hukata, na mgonjwa huendelea kula udongo mpaka afe. Udongo uliokwisha kujengea ukuta ndio upendwao zaidi, na wanawake wa Manyema wakiwa na mimba huula mara nyingi.

Kisha Livingstone aeleza dawa aliyoambiwa na mfanyabiashara mmoja, ambaye baba yake alikuwa hodari wa kuitengeneza. Siki kuukuu ya mnazi hutiwa katika bakuli kubwa, na mavi ya chuma yaliyopata moto mpaka yakawa mekundu hutumbukizwa ndani yake. Huongezwa mvuje na vitu vingine. Mgonjwa hunywa kidogo asubuhi na jioni kabla ya kula, muda wa siku saba, akaharisha na kutapika. Miiko yake ni mikali, na mingine hudumu miaka miwili.

Mapishi hayo yafaa kutazamwa kwa makini kuliko ilivyo desturi. Siki ni asidi, na asidi ikikutana na mavi ya chuma yamoto yaweza kuyeyusha sehemu ya chuma iliyomo. Kinywaji hicho basi huenda kilimrudishia mgonjwa kitu kile kile alichopungukiwa, kwa kuwa damu haiwezi kutengenezwa pasipo chuma. Haifai kudai kwamba waganga hao walijua kazi ya chuma katika damu. Huenda waliona tu kwamba baadhi ya wagonjwa hupata nguvu. Lakini maelezo haya, yaliyokusanywa kwa njia ya neno moja la Kiswahili, yana rangi, uvimbe, udongo na chuma. Yakosa mnyoo.

Mnyoo alikuwa amekwisha kuonekana mahali pengine. Angelo Dubini alimkuta Milan mwaka 1838 katika utumbo wa maiti, akachapa maelezo yake mwaka 1843. Urefu wake ni kama sentimita moja, na kinywani ana meno. Kwa miaka mingi hakuna aliyemjali, mpaka Griesinger alipomkuta kwa wingi katika maiti za Misri, na mpaka mwaka 1880, wachimbaji wa handaki la reli la Gotthard katika milima ya Alpi walipoanguka kwa upungufu wa damu. Mwaka 1902 Charles Wardell Stiles alieleza aina ya pili, akaiita kwa Kilatini muuaji wa Kimarekani. Aina zote mbili zimo Pemba.

Njia aipitayo mnyoo ilijulikana kwa ajali. Arthur Looss, aliyekuwa akifanya utafiti Cairo, alikuwa akiwatilia wanyama kinywani maji yenye vijinyoo vichanga, na tone likamwangukia mkononi. Pale pakawasha na kuwa pekundu. Baadaye aliona mayai ya mnyoo katika kinyesi chake mwenyewe. Habari hizi alizitangaza mwaka 1898, na wenzake wengi walikataa kuamini. Hata hivyo ndivyo ilivyo: mayai hutoka na kinyesi, huanguliwa katika udongo wenye joto, unyevu na kivuli, na baada ya siku chache kijinyoo huwa tayari kupenya ngozi ya mguu usio na kiatu. Huingia katika damu, hufika mapafuni, hupanda mpaka kooni, humezwa, na mwisho hukaa katika utumbo mwembamba. Aina ya Dubini yaweza pia kuingia kwa chakula kilichochafuka. Ile ya Stiles hupita ngozini.

Katika karne ya 20, neno safura lilipewa mnyoo huyu. Uchaguzi haukuwa mbaya, kwani dalili zafanana. Lakini jina jipya lilirithi udongo wa jina la zamani, na hapo ndipo kosa lilipoingia. Mtu ajuaye kwamba safura ni ugonjwa wa wala udongo, akiambiwa sasa kwamba ni ugonjwa wa mnyoo akaaye udongoni, huunganisha mambo hayo kwa mantiki isiyo na kasoro: mnyoo humezwa pamoja na udongo. Akiisha kuamini hivyo, atamkanya mkewe asile udongo, na watoto watazidi kutembea miguu mitupu nyuma ya nyumba pasipo na choo.

Mwaka 2007 yalichapwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Pemba juu ya wanawake wajawazito na udongo walao. Kula udongo hakukuonekana kuhusiana na kupata mnyoo wa safura. Jambo hili lapatana na maumbile ya mnyoo, maana kijinyoo hakivumilii ukavu wala jua kali, naye mla udongo hatwai udongo wowote tu. Uchunguzi mwingine wa huko huko, uliochapwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba wenye hamu ya vitu visivyo chakula walikuwa na damu pungufu kuliko wenzao. Hamu hiyo yafuatana basi na upungufu wa damu, ingawa haimleti mnyoo. Kama ni upungufu uletao hamu, au ni udongo uzuiao chuma kisiingie mwilini, wataalamu wangali wakibishana.

Kuna na hesabu ya upande wa pili. Uchunguzi wa watoto wa shule za Pemba, uliochapwa mwaka 1997, ulikuta watoto kiasi cha 62 katika kila 100 wakiwa na upungufu wa damu. Mnyoo wa safura alihesabiwa kuwa chanzo cha robo tu ya upungufu wote. Lakini katika ule ulio mkali, sehemu yake ilikuwa 73 kwa 100. Mwaka uliofuata ilionyeshwa kwamba aina ya Dubini, ambayo kila mnyoo wake hupoteza damu nyingi zaidi, ndiyo iwadhuruo watoto zaidi. Malaria na chakula chenye chuma kidogo vina sehemu yao pia, ambayo haiondolewi kwa vidonge vya minyoo.

Kwa hiyo mwandishi wa kamusi aandikaye tu kwamba safura ni ugonjwa wa minyoo amefuta maana iliyokuwako kabla yake, na aandikaye kwamba ni upungufu wa damu uletwao na minyoo amedai zaidi ya hesabu ya Pemba. Yafaa neno lipewe maana mbili zenye nambari: kwanza hali ya kupauka na kuvimba kwa kupungukiwa na damu, ambayo mara nyingi huandamana na hamu ya udongo, pili ugonjwa wa mnyoo anyonyaye damu utumboni. Mnyoo mwenyewe aitwe mnyoo wa safura, kama wauguzi wengi wasemavyo tayari. Na katika mabango ya shule, penye picha ya mtoto na mnyoo, kinachotakiwa kuchorwa ni wayo wa mguu.