Ssese: Feri ya saa nane na hesabu za anayevuka

Na Mwandishi Wetu, Kampala

MTU akirejea Kampala kutoka kyeyo na akiba yake mfukoni, wiki ya pili haiishi kabla hajasikia habari za Ssese. Ataambiwa kuna mchanga mweupe, kuna hoteli ufukweni, kuna viwanja vya bei poa, na kwamba wazungu wameshaanza kuja. Mfanyabiashara wa Busia au Mpondwe naye ataambiwa kuna samaki. Yote hayo yana ukweli wake. Kinachosahaulika ni chombo cha kumfikisha huko, na saa ya kuondoka kwake.

Visiwa vya Ssese viko 84, vyote katika Ziwa Victoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale. Vinaunda Wilaya ya Kalangala, iliyomegwa kutoka Masaka mwaka 1989. Kikubwa kuliko vyote ni Bugala, na hapo ndipo ulipo mji wa Kalangala wenyewe, juu ya kilima kinachotazama ghuba ya Lutoboka. Kwa miaka mingi aliyetaka kufika huko alipanda mashua ya mbao, akakaa juu ya magunia, akaomba Mungu upepo usibadilike. Watalii wachache waliothubutu walikuwa vijana wenye mabegi mgongoni.

Mambo yaligeuka mwaka 2006, MV Kalangala ilipoanza safari kati ya Nakiwogo, upande wa magharibi wa mji wa Entebbe, na Lutoboka. Ni meli ndogo. Inabeba abiria wapatao mia moja na magari manane. Ilitengenezwa na kampuni ya Songoro Marine ya Mwanza, jambo ambalo sisi wa Afrika Mashariki hatulisemi vya kutosha, kwa kuwa tumezoea kudhani kila chombo kizuri kimetoka Ulaya. Kwa muda mrefu nauli ilikuwa Sh10,000 daraja la pili na Sh14,000 daraja la kwanza. Ni fedha kidogo ukilinganisha na safari ya starehe ya majini mahali pengine popote duniani, na kwa saa tatu na nusu hivi unaona visiwa vikipita mmoja baada ya mwingine, misitu ikigusa maji, na wavuvi wakikupungia mkono.

Sasa itazame ratiba. Ile iliyozoeleka tangu mwanzo ni kwamba feri huondoka Nakiwogo saa nane mchana na kufika Lutoboka jioni, saa kumi na moja na nusu au zaidi kidogo. Kesho yake huondoka Lutoboka saa mbili asubuhi. Maana yake ni kwamba hakuna aliyeweza kwenda Ssese kwa feri hiyo na kurudi siku ileile. Kila aliyeshuka Lutoboka alipaswa kulala, na kila anayelala hula chakula cha jioni na kifungua kinywa. Ukitaka kujua kwa nini hoteli za Lutoboka zimepangana mstari mmoja ufukweni, hatua chache kutoka gatini, usitafute mpango mkuu wa utalii. Tazama saa ya feri.

Ratiba hiyohiyo ni mzigo kwa mchuuzi. Akishuka saa kumi na mbili kasoro, jua linaelekea kuzama na maduka yanafungwa. Akitaka kurudi kesho yake asubuhi, amekuja kulala tu. Ili apate mchana mmoja wa kununua na kuuza analazimika kulala siku mbili, na gharama ya malazi humla faida yote. Ndiyo maana wafanyabiashara wengi hawakuiacha mashua. Hadi leo ukienda mwalo wa Kasenyi, karibu na Entebbe, utakuta mashua za injini zikipakia sabuni, sukari, unga na mabati kwa ajili ya visiwa ambavyo feri haifiki kabisa: Bukasa, Bufumira, Bubeke na vingine. Feri imefungua Bugala. Haijafungua Ssese yote, na anayekuuzia maneno ya Ssese mara nyingi hasemi ni kisiwa gani.

Visiwa hivi havikuwa pembeni tangu zamani. Katika karne ya 19 Basese walikuwa ndio mabingwa wa mitumbwi, na bila makasia yao Kabaka asingekuwa na nguvu ziwani. Mwanga alipopinduliwa, mwaka 1889 alirudi kwa njia ya ziwa, na ni watu wa Ssese waliojiunga naye kwa mitumbwi yao. Bubembe ndiko lilikokuwa hekalu la Mukasa, mungu wa ziwa, lililojulikana Buganda nzima.

Kisha ukaja ugonjwa wa malale. Mlipuko ulitambuliwa mwaka 1901, na katika miaka iliyofuata inakadiriwa watu zaidi ya 200,000 walikufa Busoga na Buganda. Serikali ya kikoloni chini ya Gavana Hesketh Bell iliamua kuwahamisha watu wote waliokaa karibu na maji ili kuwatenga na mbung'o. Zamu ya visiwa ilifika mwaka 1909. Watu walipakiwa mitumbwini wakaletwa bara, na nyumba zao zikaachiwa msitu. Kuanzia miaka ya 1920 ndipo waliporuhusiwa kurudi, na si wote waliorudi. Waliorudi walikuta miti imeota uwanjani, na waliochanganyika nao kutoka bara walikuwa wengi kiasi kwamba lugha yao, Kisese, ikamezwa na Kiganda. Msitu mtalii anaousifu leo, wenye tumbili, hondohondo na nzohe wa kwenye mabwawa, sehemu yake ni mabaki ya amri ile.

Wapita njia wa Luzira hawajui kwamba Port Bell, bandari ya Kampala, imepewa jina la gavana huyohuyo. Wazee watakumbuka kwamba kutoka bandari hiyo mtu aliweza kupanda MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, akaamkia Bukoba au Mwanza. Ilikuwa safari ya starehe kweli, yenye vyumba vya kulala. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli ziligawanywa, na Kampala ikabaki na ziwa isiloweza kulisafiri.

Turudi Bugala, kwa sababu kisiwa hicho kina mlango wa pili. Kuanzia mwaka 2012 kampuni ya Kalangala Infrastructure Services, kwa ubia na Serikali, ilileta feri mbili, MV Pearl na MV Ssese, kati ya Bukakata upande wa Masaka na Luku kisiwani. Safari haifiki saa moja, zinakwenda na kurudi mchana kutwa, na zilianza kuvusha watu na magari bila nauli, gharama ikibebwa na Serikali. Kampuni hiyohiyo ilishughulikia barabara ya kutoka Luku kupitia Kalangala hadi Mulabana, ikaleta maji, na umeme wa jua ukisaidiwa na dizeli. Njia ya barabara ni ndefu, maana kutoka Kampala hadi Masaka pekee ni kilometa zisizopungua 120, lakini lori linaingia feri na shehena yake na kushuka nayo bila kuguswa. Kwa mwenye mzigo, huu ndio mlango. Nakiwogo ni kwa mwenye kutaka kutazama maji.

Aliyefaidika kwanza na mlango wa bure si mtalii wala mchuuzi. Ni mchikichi. Kilimo cha michikichi kilianza Bugala katikati ya miaka ya 2000 chini ya Oil Palm Uganda, kampuni ya Bidco na washirika wake, kwa msaada wa Serikali na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo. Lengo lilikuwa hekta 10,000: shamba kuu hekta 6,500 na wakulima wadogo hekta 3,500. Mafuta ghafi husafirishwa hadi kiwandani Jinja. Wapo wakulima wadogo waliojenga nyumba za matofali kwa fedha za mchikichi, na hilo lazima lisemwe. Lakini misitu mikubwa ilikatwa, na mwaka 2015 wakulima waliodai kunyang'anywa ardhi walifungua kesi Mahakama Kuu Masaka. Anayekwenda Bugala leo akitarajia kisiwa cha msitu mtupu atapita kwanza kati ya mistari ya michikichi, kilometa baada ya kilometa.

Hapo kwenye ardhi ndipo watu wa kyeyo wanapoumia. Sehemu kubwa ya ardhi ya Buganda ni mailo, na Ssese haikusalimika. Katika mailo kuna mwenye hati na kuna mwenye kibanja, na wote wawili sheria inawatambua. Ukinunua kwa mwenye hati bila kumwona aliyelima pale miaka thelathini, umenunua pamoja na mgogoro wake. Ukinunua kibanja ukadhani ni hati, huna cha kupeleka benki. Aliyechukua uraia wa nje aangalie zaidi. Tangu sheria ya mwaka 2009 Mganda anaweza kuwa na uraia pacha, lakini lazima aombe na akubaliwe. Ambaye hajafanya hivyo anahesabiwa mgeni, na mgeni haruhusiwi kumiliki mailo. Anaweza kupangishwa tu, kwa muda usiozidi miaka 99.

Na kile kiwanja cha ufukweni chenyewe? Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda ukanda wa mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Victoria. Dalali hakwambii hivyo. Anakupeleka machweo, anakuonyesha jua linavyotua, na unatoa kishika uchumba. Ziwa nalo lina sheria yake. Mwezi Mei 2020 maji yalipanda hadi mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakavuka rekodi ya mwaka 1964 ya mita 13.41. Fukwe kuzunguka ziwa zilizama, hoteli zikaingiwa na maji, mialo ikahama. Mwenye kununua kiwanja aulize maji yalifika wapi mwaka ule, na amuulize jirani, si muuzaji.

Kwa wa mipakani, hesabu ni ya samaki. Sangara, ambaye hapa huitwa mputa, akitiwa chumvi na kukaushwa huuzika sana Kongo kupitia Mpondwe. Dagaa, yaani mukene, au omena kwa Wakenya, huvuka Busia. Mabondo ya sangara yana soko hadi China, na bei yake humfanya mvuvi atake kuuza mabondo kwanza na minofu baadaye. Lakini mwaka 2017 doria ya ziwa ilikabidhiwa wanajeshi, na kipimo ni kilekile: sangara asipungue inchi 20, sato inchi 11. Samaki wachanga wakikutwa kwenye gunia lako Kasenyi, hakuna atakayeuliza kama ni wewe uliyewavua. Wavuvi wanalalamika kuhusu mkono mzito wa operesheni hiyo, na malalamiko hayo yamefika hadi Bungeni. Mnunuzi wa kutoka mbali asijiingize katikati. Apime mwenyewe kabla ya kulipa.

Liko pia suala la usalama, ambalo wengi hulicheka hadi wapo katikati ya maji. Mwaka 2018 ulikuwa mbaya. Tarehe 20 Septemba MV Nyerere ilipinduka ikikaribia Ukara, Tanzania, na watu zaidi ya 220 walikufa, mita chache kutoka gatini. Tarehe 24 Novemba mashua ya starehe, MV Templar, ilizama upande wa Mukono ikiwa na watu waliotoka Kampala kula raha. Zaidi ya 30 walikufa. Mamlaka zilisema ilikuwa imejaza kupita kiasi na haikuwa na leseni. Muziki ulikuwa unapigwa. Mwaka 2021 Uganda ilipata sheria mpya ya usafiri wa majini, lakini sheria haivai boya kwa niaba yako. Kasenyi utapewa boya lililochakaa. Likatae, uombe jingine, na wasipokuwa nalo ngoja mashua inayofuata.

Kuhusu kesho, macho yako Mwanza. Tanzania iliteremsha majini MV Mwanza mwezi Februari 2023, meli yenye uwezo wa abiria 1,200, na nia iliyotangazwa ni ifike hadi Port Bell na Kisumu. MV Victoria ya zamani nayo ilikarabatiwa ikarudi kazini Mwanza na Bukoba mwaka 2020. Mtu wa Ssese atafaidika na meli kubwa ikiwa tu kutakuwa na chombo cha kumuunganisha nayo.

Kwa anayetaka kwenda kujionea, safari ya kwanza iwe kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Panda teksi ya Entebbe, shuka Kitoro, chukua boda hadi Nakiwogo kabla ya saa sita mchana, kwa sababu siku za sikukuu tiketi huisha mapema. Ukiwa na gari, weka nafasi siku kadhaa kabla. Hakikisha kwa simu kwamba feri inafanya kazi wiki hiyo, maana huenda imepelekwa matengenezo. Kurudi, pitia Luku na Bukakata ukiwa umekaa mbele kwenye lori au teksi, na hesabu ni malori mangapi yanaingia kisiwani yakiwa na mzigo na mangapi yanatoka matupu.