Arobaini Bila Bibi

Pwani ya kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini: hapiki, hafui, na uji wa pilipili manga huletewa kitandani. Hapa Stockholm aliyejifungua kwa upasuaji hurudi nyumbani baada ya siku chache, na bibi yuko Tanga au Mombasa.

Uji na mapumziko tuyashike. Kukanda tumbo kwa maji ya moto tuache: kidonda kinataka usafi na ukavu. Mzazi asilale tu. Kutembea kidogo kidogo tangu siku ya kwanza huzuia damu kuganda miguuni. Kwa wiki kadhaa asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake. Akiona homa, usaha, damu nyingi au mguu mmoja kuvimba, apige 1177 mara moja. Akikosa pumzi, 112.

Nani apike, basi? Baba. Sweden humpa siku 10 zenye malipo mtoto anapozaliwa, na tangu Julai 2024 wazazi wote wawili wanaweza kulipwa wakiwa nyumbani pamoja hadi siku 60. Arobaini inaenea humo, na siku zinabaki. Kaka zetu, jifunzeni kukoroga uji mapema.